Kikohozi cha Osukuku

Malaba, Oktoba 12, 1997

Kama kuna mtu mwenye sikio kunishinda kati ya Mombasa na Kigali, ajitokeze nimnunulie soda. Mimi Dancun Ikapel, niliyeachana na shule kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote mbili, nikisikia lori likija kutoka Amagoro nakuambia dereva ni nani, amebeba chumvi au mafuta ya kupikia, na kama amegombana na mkewe asubuhi. Sauti ya mtu nikiisikia mara moja ni yangu. Padre nimemtoa. Chifu nimemtoa. Marehemu nyanya nilimtoa jikoni mpaka mjomba Onyuka akamwaga uji. Mwezi jana nilijibanza nyuma ya mabati nikatoa sauti ya mkubwa mmoja wa hapa mpakani, na askari wawili wakasimama wima wakalipigia saluti pipa la maji.

Mjomba ndiye mwenye hili duka la kurekodi kaseti. Daftari alinipa niandike nyimbo za wateja. Wateja wangoje. Kwanza niandikwe mimi.

Oktoba 15

Kaseti ya Wabishi imerudi leo. Niieleze vizuri, maana wajukuu wangu watauliza.

Tuko wanne na sote tunaugua jazz. Mimi hapa Malaba. Osukuku, dereva wa lori refu, kwao Khunyangu, mtu wa tumbo na kikohozi. Jentrix, anauza mitumba Busia, anakaa Burumba, na ulimi wake unaweza kufungua chupa. Na Kizito, Mganda wa Tororo, muuza spea za baiskeli, mpole mpaka anaudhi. Kaseti ni moja, inazunguka. Ikikufikia unatia wimbo mmoja unaoupenda kuliko yote, halafu unafungua mdomo na kuzitukana za wenzako. Kutoka kwangu inaenda Busia kwa lori au kwa kijana wa boda boda. Jentrix anampa Kizito akija kununua mali, Kizito anavuka daraja ananirudishia. Ikijaa tunaanza nyingine. Sheria ni mbili: usifute cha mwenzako, na usilie.

Safari hii Jentrix ametia wimbo wa Sio Valley Jazz, ule wa saksafoni inayobembeleza kama mtu aliyegonga ng'ombe wa mama mkwe. Halafu akasema, “Na wewe Dancun, lile gitaa lako la juzi lilikuwa linawashwa? Lipelekee dawa ya viroboto.”

Kizito naye ni yale yale: jazz ya Amerika, tarumbeta tupu, neno hata moja hakuna, upande karibu wote wa kaseti umeisha.

Osukuku ndiye alinimaliza mbavu. Kwanza anakohoa, halafu anagonga dashibodi mara mbili, ko, ko, ndipo anasema, “Haya wanangu, dereva amefika. Kizito ndugu yangu, huyo mtu wa tarumbeta anatafuta nini? Muda wote huo na hajakipata? Mwambie aulize watu, ataonyeshwa.” Akamaliza kama anavyomaliza siku zote: “Na Milka wangu, kama unasikia, weka maji ya ugali.”

Milka ni mkewe. Nasikia kaseti ikipita Khunyangu huwa anaisikiliza mpaka hapo tu, kisha anazima.

Oktoba 27

Osukuku amepita akienda Kigali. Amesimamisha lori mbele ya duka, watu wote wa foleni wakampigia honi, naye akashuka polepole kama waziri.

“Fundi wa makelele!” akaniita. “Nitilie betri mpya kwa hii redio. Nikirudi nakuletea rumba ya huko ambayo masikio yako hayajawahi kuota.”

Nikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, kikohozi na kila kitu: “Haya wanangu, dereva amefika.”

Alicheka akashika mlango wa lori. “Mwizi wewe! Sawa, iba. Lakini siku utakayoiba yangu uirudishe na kikohozi chake. Nimekilea miaka mingi.”

Akapanda. Taniboi wake Aloo, msaidizi wake wa safari, ana malaria, kwa hiyo ameenda peke yake.

Novemba 2

Mvua.

Novemba 5

Mvua. Redio inasema hii ndiyo El Nino yenyewe. Kule Rukala watu wamepanda juu ya shule na kuku wao. Malori yamesimama foleni mpaka karibu na kwetu.

Novemba 12

Leo nimefanya kitu cha akili sana.

Kaseti imekuja na Jentrix na Kizito wameungana dhidi yangu. Nilikuwa nimetia Amagoro Border Jazz, gitaa la solo linalokimbia kama mtoto aliyetumwa chumvi akasahau. Jentrix: “Dancun, huo si wimbo, ni mtu anaanguka na sufuria.” Kizito: “Dada amesema. Mimi sina la kuongeza, ssebo.” Kwake kila mwanamume ni ssebo, yaani bwana. Wawili kwa mmoja! Wa kuniokoa ni Osukuku, na Osukuku hajarudi, ingawa alipaswa kuwa hapa wiki jana.

Kwa hiyo nimemrudisha mimi. Nikafunga mlango, nikaweka kitambaa juu ya maiki ipate ule uzito wa ndani ya lori, nikagonga meza: “Haya wanangu, dereva amefika.” Nikakohoa. “Niko hapa Malaba kwenye foleni, tope limenishika. Nimewasikia wote, na nasema Dancun ameshinda. Gitaa lake ni la wanaume. Jentrix rudi ukauze soksi.” Na kwa kuwa bila hilo isingekuwa yeye, nikamalizia, “Na Milka wangu, kama unasikia, weka maji ya ugali.”

Nilijisikiliza nywele zikanisimama. Hata mimi ningempa salamu. Kaseti imeenda Busia kwa boda boda jioni hii hii. Osukuku akija tutacheka naye.

Novemba 14

Jentrix hajajibu. Amemeza mzima mzima!

Novemba 18

Dereva mmoja wa tangi amenywa chai kibandani hapo jirani, akasema mwanzo wa mwezi, mbele ya Mbarara, barabara ilikatwa na maji, na aliona kichwa cha lori kimelala ndani ya mto. Rangi ya bluu na turubai ya kijani.

Osukuku ana bluu na turubai ya kijani. Lakini malori ya bluu ni mengi.

Watu wakasema basi ndiyo maana Oyugi, mdogo wake Osukuku, yuko mbioni kutafuta karatasi ya kuvukia, aende akaulize hospitali za huko moja moja. Nilitaka kusema kitu. Mjomba akaniita nikashike ngazi, paa linavuja.

Novemba 20

Jentrix amekuja mwenyewe kutoka Busia, viatu mkononi, tope magotini, anacheka kabla hajafika.

“Dancun! Si tumempata! Mimi nilikuwa nimeanza kulia peke yangu sokoni, hata wateja wananiuliza dada vipi. Halafu naweka kaseti, nasikia ko, ko! Nikafunga duka saa hiyo hiyo, nikapanda mpaka Khunyangu, nikamwekea shemeji Milka na kumwachia nakala. Aliposikia maji ya ugali alikaa chini, kwa sakafu. Oyugi alikuwa ameshafunga begi.”

“Ameshafunga begi,” nikasema.

“Sasa wamechanganyikiwa. Yuko Malaba na hatumi hata neno? Oyugi anasema aende tu Uganda, Milka anasema wangoje kwanza. Wewe umemwona? Foleni yote si iko mbele ya macho yako?”

Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Ukatoka mzaha: “Osukuku yule, tope likimshika anajificha, tusimcheke.” Jentrix akanipiga kofi la bega, akacheka, akaenda zake. Miguu yake ilikuwa imeloa mpaka magotini kwa ajili ya sauti yangu.

Novemba 23

Mvua kutwa. Milka alipita hapa dukani kidogo. Sijauza kitu.

Novemba 25

Oyugi haendi tena Uganda. Begi limefunguliwa.

Mimi sikumkataza Oyugi. Liandikwe hivyo. Mtu mzima na miguu yake. Na kaseti sikuipeleka Khunyangu mimi, ilipelekwa. Mimi nilitia mzaha kwenye kaseti ya mzaha, na kila mmoja wetu anajua ile ni kaseti ya nini.

Novemba 28

Mvua.

Novemba 30

Nimetembea foleni yote ya malori toka darajani mpaka mwisho, kuuliza. Madereva wengine hulala na redio zao wazi, na kila kikohozi kilinigeuza shingo. Mmoja anayenijua akaniambia, “Dancun, tutolee chifu kidogo, tumechoka na hii mvua.” Nikamwambia koo linauma. Haliumi.

Mtu wa bluu na turubai ya kijani yupo mmoja. Anaitwa Ochuodho na ametoka Nakuru.

Desemba 4

Kizito amekuja na mwavuli umevunjika upande. Hakukaa. Aliweka kaseti juu ya meza, akaipapasa kwa kidole kama anatafuta joto.

“Dancun, hii kaseti mimi nimesikiliza mara nyingi. Osukuku anakohoa kwanza. Halafu anagonga. Halafu anaongea. Miaka yote. Hapa amegonga, akaongea, ndipo akakohoa.”

“Mtu anaweza kukohoa wakati wowote,” nikasema. “Kikohozi hakina ratiba.”

“Chake kina. Anakohoa kwanza kwa sababu anazima injini, na ule moshi unamwingia. Wewe umekiweka mwisho, kama mtu anayetia chumvi.” Alinitazama bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. “Nyinyi mnanicheka na muziki wangu bila maneno. Lakini mimi nimezoea kusikiliza pumzi, ssebo.”

Muuza spea ananifundisha sikio. Mimi! Mjomba aliuliza kama niko mgonjwa.

“Enda Khunyangu,” Kizito akasema. “Mwambie mama wa watu. Wewe, kwa mdomo wako, si mimi.”

Desemba 8

Nimerudi kutoka Khunyangu. Niandike yote kama yalivyokuwa.

Njia ya Bumala imekatika, nimetembea kipande. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: Mama, naomba msamaha, ile sauti ni yangu, ulikuwa mchezo, mwambie Oyugi aende leo hii. Niliyasema kwa sauti mpaka mzee mmoja mwenye baiskeli akaniuliza naongea na nani.

Boma la Osukuku ni safi. Milka alikuwa anapaka ukuta udongo mpya kwa ajili ya Krismasi, mkono mmoja mweupe mpaka kiwiko. Nilidhani nitamkuta analia. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika.

“Karibu, kijana wa Malaba,” akasema. “Umetumwa na yeye?”

“Hapana, mama. Nimekuja tu—”

“Usimfiche. Mwanamume anakaa Malaba siku zote hizi, anajua kusema niweke maji ya ugali, lakini kuja kuula hawezi. Mimi si mtoto. Huko Malaba kuna mwanamke.”

“Mama, hakuna mwanamke.”

“Wewe ni rafiki yake, ungesema nini kingine?” Akachota udongo, akaubandika ukutani kwa kofi. “Mwambie. Ukimwona mwambie maji yalichemka yakakauka. Na asirudi na rumba yake hapa.”

Mtoto wake mdogo, Janet, akatoka na redio ikining'inia kwa mkanda, akaiweka mbele yangu juu ya kigoda kama anayenikaribisha chakula. Akabonyeza. Ko, ko. Haya wanangu, dereva amefika. Yule mtoto anafuata kila neno kwa midomo bila sauti, ameyakariri yote, mpaka kikohozi. Kikohozi mahali nilipokiweka mimi. Hivyo ndivyo atakavyomkumbuka.

Milka akasema, “Zima hiyo.” Kisha akaenda akanipikia, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Ugali na mboga ya kunde. Nikala. Nikanawa. Nikasema asante mama. Nikasema nitamwambia nikimwona.

Ndivyo nilivyosema: nitamwambia nikimwona.

Desemba 9

Nilivuka daraja nikamwambia Kizito nimeshindwa. Hakunitukana. Alifunga duka lake la spea, akaweka shati moja kwenye mfuko, akaenda stendi. “Mimi ni Mganda,” akasema, “sihitaji karatasi.” Nilimuuliza kama niende naye. Akasema gari limejaa. Halikuwa limejaa, ila nilielewa.

Desemba 12

Mvua.

Desemba 13

Mvua. Wateja wanataka nyimbo za Krismasi. Nimerekodi kwa saa nzima bila kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Desemba 17

Mvua. Mjomba: “Wewe siku hizi unaongea na sauti yako tu. Unaumwa kweli.”

Desemba 21

Kizito amerudi. Nilimwona toka mbali akija darajani bila mwavuli, nikajua.

Lori la mtoni lilikuwa lake. Wanakijiji walimtoa akiwa hai. Walimpeleka hospitali ndogo ya masista, huko vilimani, karatasi zake zote zimekwenda na maji. Taya lilikuwa limevunjika wakalifunga kwa waya, na mkono wa kulia hakuwa nao tena. Homa haikumwacha. Kuongea hawezi, kuandika hawezi. Hawakujua ni Mkenya, Mnyarwanda au nani. Wakamwita Mzee wa Lori.

“Nesi mmoja alinieleza,” Kizito akasema. “Kila anayeingia pale wodini, huyu mgonjwa anakohoa, halafu anagonga ubavu wa kitanda mara mbili. Kila mtu. Asubuhi, jioni. Walidhani anaomba maji. Wakampa maji.”

Nikamuuliza mpaka lini.

“Mwezi mzima, na zaidi. Amefariki mwanzo wa Desemba, siku chache kabla hujaenda Khunyangu. Nesi anasema kidonda ndicho kilimshinda, dawa yake pale haikuwepo. Angekuja mtu wake, wangemhamisha hospitali kubwa. Walikuwa wanangoja tu mtu wake.” Akafuta uso kwa mkono. “Yuko mochari. Nimewaambia jina.”

Osukuku alikuwa hana sauti. Alikuwa hana kwa sababu ya waya. Na wakati huo huo sauti yake ilikuwa inazunguka Busia na Khunyangu, imeshiba, inacheka, inaniambia nimeshinda.

Desemba 22

Kizito amewaambia wote, na tarehe zote. Kwa hiyo sasa inajulikana ile sauti haikuwa yake. Oyugi alikuja dukani. Nilidhani atanipiga na nilitaka anipige. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatazama kaseti ukutani, akasema, “Nilikuwa nimefunga begi.” Akaondoka.

Desemba 25

Sikukuu.

Desemba 29

Uchaguzi. Duka limefungwa.

Januari 3, 1998

Tumemzika Osukuku kwao. Madereva walileta malori kumi na kitu mpaka njia panda, yakapigwa honi kwa pamoja mpaka ng'ombe wakakata kamba. Aloo taniboi alilia kwa kelele, anasema angekuwepo yeye angelitaja jina la bosi wake.

Wakati wa watu kusema, nilisimama. Nilisema ile sauti ilikuwa yangu, nilifanya mchezo, naomba msamaha kwa ukoo. Niliongea wima, na sauti yangu halisi ilikuwa nyembamba sana, sikuwa najua. Watu walinung'unika. Hapo Jentrix akasimama naye, kanga imekunjwa mkononi kama kitambaa cha kufutia meza.

“Huyu ni mtoto na ulikuwa mchezo wetu,” akasema. “Kaseti ingebaki Busia tungecheka yakaisha. Nani aliichukua akaileta hapa bila kuuliza? Mimi. Kama kuna mtu alimfungulia Oyugi begi, ni mimi.” Akalia mpaka wakamshika.

Wazee wakasema mtoto ameungama, dada naye alikuwa na nia njema, mvua ya mwaka huu imeharibu mengi, tusizidi kuumizana. Watu wakakubali. Mmoja hata alinishika bega.

Milka hakusema kitu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na Janet magotini, alinitazama toka mwanzo mpaka nikakaa. Angesema neno moja ningemalizika pale pale. Hakusema. Na mimi nikamwacha Jentrix alie.

Januari 6

Jua limewaka, mjomba ameanika maboksi yote ya kaseti nje. Jentrix ametuma ujumbe kwa kijana wa boda boda kuwa hasikilizi jazz tena, na redio yake anauza. Anasema kila akisikia saksafoni anasikia miguu yake mwenyewe ikikimbia na ile kaseti kwenda Khunyangu.

Si miguu yake.

Nimerudi nyuma kwenye hili daftari mpaka Novemba 23. Nimeandika Milka alipita kidogo. Hakupita. Alitoka Khunyangu kwa mvua ile, kanga imemgandia, kaseti kaifunga kwenye mfuko wa sukari na kuificha kifuani isiloe. Dukani kulikuwa na madereva watatu wananiambia niwatolee padre. Niliweka kaseti yake, ikalia. Wale madereva wakasema, he, Osukuku huyo! Na yeye hakuwatazama wao, alinitazama mimi.

Akasema, “Kijana, watu wote wanasema wewe ndiye unajua sauti. Shemeji yangu anataka kwenda Uganda kesho, na mimi sijui nimzuie ama nimwache. Kuna kitu hakikai vizuri hapa, kwenye kikohozi. Niambie ukweli. Huyu ni mume wangu?”

Alikuwa amekisikia. Yeye pia alikuwa amekisikia.

Habari za lile lori mtoni nilikuwa nazo toka siku tano nyuma. Na bado, nilichofikiria pale, mbele ya wale madereva, ni kwamba sauti yangu imefika mpaka kwa mke na amekaribia kuamini.

Nikasema, “Ndiye, mama. Kabisa.”